Sensa Iliyosema Baridi

Mdogo wangu alipigwa barabarani, kati ya Buhemba na Butiama, na watu aliokuwa amewabeba kwenye gari lake mwenyewe. Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani kwangu Buhare, akampiga mume wangu kichwani kwa wili spana, chuma cha kufungulia nati za magurudumu, na nilipoingia katikati akanivunja mkono. Haya nayaandika kwa mkono huo huo, ingawa kidole chake cha mwisho hakikunjiki tena.

Mume wangu ni fundi umeme wa magari. Gereji yake ni uwanja ulio mbele ya nyumba yetu, pembeni kabisa mwa mji wa Musoma, na kivuli chake ni maturubai mawili tuliyoyashona pamoja. Mimi nina kontena dogo ukutani mwa uwanja huo, nauza vipuri: plagi, fyuzi, balbu, mikanda, sensa, mafuta ya breki. Kwetu ni Butiama, kwenye boma la ng'ombe. Mdogo wangu ndiye wa mwisho kuzaliwa. Mama alipompata alikuwa mgonjwa na amechoka, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba mgongoni mpaka akawa mzito wa kunishinda.

Baba yetu alikuwa mpigaji. Simdharau marehemu, kila mtu pale kwetu alijua, hata padri alijua. Sisi wasichana alitupiga kwa kiganja. Mdogo wangu alimpiga kwa fimbo ya kuchungia, ng'ombe akipotea na ng'ombe asipopotea, na mama alikuwa anaenda kukaa nyuma ya nyumba mpaka kelele ziishe. Siku moja, kijana akiwa ameanza kuota ndevu, baba aliinua fimbo, na mdogo wangu akaidaka hewani, akaivunjia gotini, akamchapa baba usoni kwa kipande kilichobaki. Baba alikaa chini palepale. Tangu siku hiyo hakumgusa tena. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nimekuja kusalimia tu, nikaona kila kitu. Nilimwona mdogo wangu anavyokitazama kile kipande cha fimbo, kama mtu aliyeonyeshwa dawa inayotibu kila ugonjwa.

Alipigana shuleni, akapigana kwenye machimbo, akapigana na mwanamke aliyetaka kumuoa mpaka mwanamke akakimbilia kwao. Alipopata gari alitulia kidogo. Lilikuwa gari dogo la familia lenye viti vya ziada nyuma, limetumika sana, lakini mwendo wake ulikuwa mzuri. Alikuwa anabeba wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba na mizigo yao, anawashusha Butiama, wengine anawafikisha Bunda. Alikuwa analiosha mwenyewe. Alikuwa akinipigia simu kuniambia tu kwamba amefika salama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya alipokuwa anatembea kwa miguu.

Kisha gari likaanza ugonjwa. Asubuhi likiwa baridi liliwaka mara moja. Likishapata moto, ukilizima hata kwa muda wa kununua soda, haliwaki tena mpaka lipoe kabisa. Baadaye likaanza kuzima lenyewe ukipunguza mwendo. Lilikunywa petroli kuliko kawaida yake na kutoa moshi mweusi kwenye ekzosi.

Alilileta kwa shemeji yake. Mume wangu ni mtu wa taratibu, hazungumzi akiwa anafanya kazi, na akimaliza anazungumza sana. Alichomeka mashine ya kupimia, mashine ikasema hakuna kosa lolote. Aliangalia mshale wa joto kwenye dashibodi, umesimama katikati, mahali pake. Plagi zilikuwa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria, akaweka mpya. Gari likatulia, kisha likarudia. Akabadilisha pampu ya petroli, kwa sababu pampu iliyochoka nayo hugoma ikipata moto. Likatulia tena, likarudia tena.

"Shemeji, unanichezea," mdogo wangu alimwambia aliporudi safari ile ya pili.

"Sikuchezei. Gari bado halijaniambia ukweli wake."

"Mimi sitafuti gari linaloongea. Nataka linalowaka."

Mume wangu alicheka. Mdogo wangu hakucheka. Niliwapa wote chai, wakanywa, na nikaona jinsi alivyokuwa anazungusha kikombe kwenye sahani bila kukinyanyua.

Yaliyotokea barabarani niliyapata baadaye, kutoka kwake mwenyewe na kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa anapalilia mihogo karibu na hapo. Mchimbaji mmoja aliangukiwa na jiwe shimoni. Wenzake walimtoa akiwa bado anaongea, wakamlaza kwenye viti vya nyuma, wakajibana pembeni yake, wakamwambia mdogo wangu akimbize hospitali. Alikimbiza. Kabla ya kufika Butiama kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara. Akapunguza mwendo, na gari likazima.

Alipiga stata mpaka betri ikaanza kulegea. Wale wachimbaji walishuka wakasukuma, halikuwaka. Wakapiga simu wakitafuta gari lingine. Yule mtu kwenye viti vya nyuma aliacha kuongea, kisha akaacha kupumua.

Ndipo wakamgeukia dereva. Walimvuta nje kwa shati kupitia dirishani. Mama yule aliniambia walimpiga kwa ngumi na mateke, kisha kwa mawe ya kando ya barabara, na kwamba mmoja wao alikuwa analia huku anapiga, analitaja jina la marehemu kila anapoinua jiwe. Walivunja vioo vyote vya upande mmoja. Wanawake waliokuwa shambani walikuja na majembe yao, wakasimama juu ya mdogo wangu, wakawaambia wale wanaume kwamba maiti wanayo moja tayari. Wanaume wakarudi nyuma. Ikapatikana pikipiki ya kubebea mizigo, wakampakia ndugu yao, wakaondoka.

Mdogo wangu alilala pale chini mpaka damu ikamkauka usoni. Alipoinuka akaingia kwenye gari na kugeuza ufunguo. Likawaka mara moja, taratibu, kama gari ambalo halijawahi kuugua. Nafikiri kuwaka kule kulimuumiza kuliko mawe.

Asubuhi hiyo mimi nilikuwa ndani ya kontena napanga fyuzi. Nilisikia gari linaingia uwanjani kwa kasi, nikaijua sauti yake, nikatoka. Mdogo wangu alikuwa ameshashuka. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, mdomo wa juu umepasuka, na jino la mbele halikuwepo.

"Mura," nikamwita, kama tunavyowaitaga vijana wa kwetu, "nani amekufanya hivi?"

"Mume wako," akasema, akanipita.

Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akatoka na wili spana. Mume wangu alikuwa ameinamia injini ya gari la mteja upande wa pili wa uwanja. Aliposikia nyayo aliinua kichwa akatabasamu, kwa sababu jua lilikuwa machoni mwake na hakuwa ameuona vizuri uso uliokuwa unamjia.

"Shemeji," mdogo wangu alimwambia, "mtu amekufa kwenye gari langu."

"Mtu gani?"

Alimpiga kabla neno halijaisha. Nimeuza vyuma miaka yote ya ndoa yangu, naijua milio ya chuma kikigonga chuma, kikigonga mpira, kikigonga saruji. Mlio ule sikuwa nimewahi kuusikia. Mume wangu aliegemea bampa ya lile gari, akateleza polepole, akakaa chini, kisha akalala. Damu ilimtoka sikioni. Mdogo wangu akainua tena.

Nilifika kabla spana haijashuka. Nilimkinga mume wangu kwa mwili wangu, nikainua mkono wa kulia.

"Dada, toka."

"Sitoki."

"Toka, dada."

Sikutoka, naye akapiga. Watu wengi wameniuliza kama alikusudia kunipiga mimi au alikuwa ameshapofuka kwa hasira. Jibu langu ni kwamba aliniita dada, tena mara mbili. Alijua ni nani aliyekuwa mbele yake.

Mkono ulivunjika katikati, chini ya kiwiko, nikauona umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Maumivu hayakuja hapo hapo. Kilichokuja ni ukali ambao sikujua ninao. Kopo la mafuta ya breki lililojaa lilikuwa juu ya benchi, nikalishika kwa mkono wa kushoto, nikampiga nalo mdomoni, palepale palipokuwa pamepasuka. Nikampiga tena. Akaachia spana, akashika uso wake, akapiga magoti.

Majirani walikuwa wameshaanza kuingia. Walimwona mume wangu chini na damu, wakaniona mimi na mkono wangu, wakamwona mgeni mwenye uso uliovimba, na hawakuuliza. Walimwangusha. Walimpiga kwa vipande vya mabomba kutoka kwenye chuma chakavu chetu. Nilisikia mbavu zake. Mtu mmoja alikuwa ameshavuta tairi bovu kutoka kwenye lundo letu, analiviringisha kuelekea kwake, na mwingine akawa anauliza petroli iko wapi. Nilijua tairi lile lilikuwa la kazi gani.

"Mwacheni," nikasema. "Ndiye mwenye gari."

Sikusema ni ndugu yangu. Nilisema ndiye mwenye gari, kwa sababu mume wangu alikuwa anakoroma mkoromo mbaya, huwezi kumpakia mtu wa namna hiyo kwenye bodaboda, na uwanja mzima haukuwa na gari lingine la kutembea. Moja lilikuwa halina injini. Lile la mteja lilikuwa limefunguliwa nusu. Waliokuwa pale walijua kuendesha pikipiki tu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa unaning'inia. Mama mmoja jirani alivua kanga yake akanifunga nayo mkono kifuani, akakaza sana, na hapo ndipo maumivu yakaja nikatapika.

Wakamwinua mdogo wangu wakamkalisha kwenye usukani. Wanaume wawili wakampakia mume wangu nyuma, wakakaa naye, mmoja ameshika kichwa chake. Mdogo wangu akageuza ufunguo. Stata ilizunguka vizuri, injini haikushika. Akageuza tena na tena.

"Ndivyo lilivyofanya jana," akasema. Damu ilikuwa inamtoka mdomoni ikidondokea kwenye usukani. "Dada, ndivyo lilivyofanya."

Mwanaume mmoja nyuma akamshika shingo. "Washa," akamwambia. "Washa au tukurudishe kule nje."

"Acheni," nikasema. "Na wewe acha kupiga stata."

Nilikuwa nimesimama mbele ya gari, na harufu iliyonijia puani ilikuwa petroli mbichi, nyingi, kama mtu ameimwaga. Injini ilikuwa imetoka Butiama muda mfupi uliopita, ilikuwa ya moto sana, na injini ya moto haihitaji petroli nyingi. Ni injini ya asubuhi, iliyolala nje kwenye baridi, ndiyo inayopewa nyingi ili iamke. Gari hili lilikuwa la moto na lilikuwa linapewa petroli ya asubuhi. Kontroboksi, ubongo wa gari, ndiyo inayogawa petroli, na kontroboksi haina macho. Inaamini inachoambiwa na sensa ya joto, kifaa kidogo kinachopima joto la maji ya injini.

Ila mshale wa dashibodi ulikuwa sawa siku zote. Hapo ndipo kazi yangu ya kontena iliponisaidia, maana hakuna kipuri ambacho wateja wangu wamenirudishia kwa kukosea kama hicho. Magari ya namna ile yana sensa mbili za joto, zimekaa jirani, pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Yenye waya mmoja inaupa taarifa mshale wa dashibodi. Yenye waya mbili inaipa taarifa kontroboksi. Moja inaweza kusema kweli na nyingine ikadanganya, na dereva asijue.

"Fungua boneti," nikamwambia. "Shuka."

Alishuka akishikilia mlango. Nilimwonyesha kwa mkono wa kushoto.

"Ile ya waya mbili. Chomoa soketi yake."

"Ni ya moto, dada."

"Chomoa."

Aliingiza mkono. Vidole vyake viligusa bomba, nikasikia ngozi ikiungua, lakini hakuutoa mkono mpaka soketi ilipotoka. Nilimrudisha kwenye usukani.

"Washa swichi kwanza."

Feni ya rejeta ikaanza kuvuma palepale, kwa nguvu zote. Kontroboksi ilikuwa imeona kwamba sensa haipo kabisa, na ikikosa sensa huwa inajikinga, inawasha feni na kugawa petroli kana kwamba injini imeshapata moto. Sikuwa na uhakika na kitu chochote zaidi ya hapo.

"Sasa kanyaga mafuta mpaka chini kabisa, hewa iingie ikaushe petroli iliyozidi, usiachie, upige stata."

Injini ilizunguka muda mrefu. Ilikohoa. Moshi mweusi ukatoka nyuma, ukafunika uwanja, watu wakarudi nyuma wakiziba pua, kisha ikashika, ikanguruma kwa hasira, ikatulia. Mdogo wangu alinitazama kupitia kioo cha mbele akiwa amefungua mdomo. Nilizunguka nikapanda kabla hajasema neno.

Tulishika barabara ya hospitali. Kwenye matuta alipunguza mwendo na gari halikuzima. Nilimwona anavyoliona hilo, kila tuta, na kila tuta alitoa sauti ndogo kooni kama mtu anayechomwa sindano. Nyuma yule mwanaume alikuwa anarudia kumwambia mume wangu asilale. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya mdogo wangu kwenye usukani, vimetoka malengelenge meupe, na nikatamani viungue zaidi.

Hospitali walimpokea mume wangu mlangoni na kumkimbiza ndani. Mimi niliambiwa nipitie kwanza kwa askari wa zamu ili nipate fomu ya polisi ya majeruhi. Askari alinitazama mkono.

"Nani amekupiga, mama?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua chache kutoka hapo. Angeweza kuondoka, hakuna aliyekuwa amemshika. Alikuwa anasubiri niseme nimeanguka. Mama yetu maisha yake yote alianguka. Alianguka kisimani, akaangukia mlango, akaangukia ndama, kila alipoulizwa baba amemfanya nini.

"Yule pale," nikasema. "Ni mdogo wangu, tumbo moja. Amempiga mume wangu pia."

Askari alimfunga pingu. Mdogo wangu alinyoosha mikono bila kubisha, na pingu zilipogusa vidole vilivyoungua alifumba macho.

Mume wangu alipelekwa Mwanza, fuvu lilikuwa na ufa. Aliporudi nyumbani alikuwa amepungua, sikio la kushoto halisikii, na akigeuka haraka alikuwa anashika ukuta. Gari lilikuwa limerudishwa uwanjani kwetu na jirani mmoja aliyejifunza kuendesha baada ya siku ile. Damu ya mume wangu ilikuwa imekauka kwenye viti vya nyuma. Kitu cha kwanza alichoniomba hakikuwa chakula.

"Niletee sufuria ya maji na jiko."

Tulikaa chini ya turubai, yeye na sikio lake, mimi na plasta yangu. Aliichomoa ile sensa ya waya mbili, nikaleta mpya inayofanana nayo kutoka kontena. Akaziingiza zote mbili kwenye maji ya baridi, akazipima kwa mita, moja baada ya nyingine. Namba zilikaribiana. Kisha tukayaacha maji yapate moto juu ya mkaa. Sensa nzima, maji yakipanda joto, namba yake hushuka. Ile mpya ilishuka, ikashuka, mpaka maji yakaanza kutokota. Ile ya zamani ilishuka kidogo sana ikaganda. Maji yalikuwa yanachemka na yenyewe bado inasema baridi.

"Mashine haikuiona," alisema, "kwa sababu ilichokuwa inasema si kosa. Baridi ni jibu halali. Kama ingekatika kabisa, taa ingewaka." Akaipima tena. "Na mimi niliuamini mshale."

Aliitoa kwenye maji kwa koleo, akaiweka juu ya kipande cha reli anachogongea vyuma, akachukua nyundo. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akipiga kitu kwa hasira. Aliipiga ikapasuka. Akaendelea kuipiga ikawa bapa, akaendelea kuipiga reli yenyewe, mpaka kamasi na machozi vikamtoka, akapinda na kutapika kwa maumivu ya kichwa. Nilimshika kifundo cha mkono. Ilibidi nikishike kwa nguvu.

Baba mdogo alikuja kutoka Butiama na wazee wengine wawili, wakiwa wamefunga mtamba kwenye mti wa nje. Walimpa pole mume wangu, wakanipa pole mimi, wakala, na baada ya kunawa baba mdogo akaanza.

"Mwanangu, damu moja haipelekani mahakamani. Tumeleta mnyama. Tuchinje, tule, mkafute kesi."

"Damu moja ndiyo iliyomwagwa, baba mdogo."

"Mumeo anasemaje?"

Mume wangu aligeuza sikio lake zima kumwelekea mzee. "Mimi nimemsamehe. Kijana aliona mtu akifa."

"Umesikia," baba mdogo akaniambia.

"Nimesikia. Yeye amesamehe kichwa chake. Mkono ni wangu."

"Wewe mtoto wa kike unataka kumfunga mtoto wa ndugu yangu?"

"Nataka nisimame mahakamani niseme alichofanya. Sitaki kusema nimeanguka."

Baba mdogo aliinua fimbo yake, akaipiga mezani ili kunyamazisha mazungumzo, kama wanavyofanyaga wazee wakichoshwa. Sikufikiri. Nilijikuta nimeshainuka na kukinga uso wangu kwa plasta, na mume wangu amesimama mbele yangu ameshika ukuta kwa mkono mmoja na nyundo kwa mkono mwingine. Baba mdogo aliitazama nyundo, akaitazama fimbo yake mwenyewe, akaiegemeza ukutani polepole.

"Haya," alisema. Waliondoka na mtamba wao. Mama hakunipigia simu kwa muda mrefu baada ya hapo.

Nilisimama mahakamani nikasema. Mume wangu naye alisema, na akaomba mdogo wangu apunguziwe kifungo, wakampunguzia. Siku ya hukumu mdogo wangu hakunitazama. Nilifika nyumbani nikafunga kontena, nikakaa ndani gizani, nikapiga ukuta wa bati kwa ngumi ya kushoto mpaka majirani wakagonga kuuliza kuna nini.

Nilikwenda kumwona gerezani baada ya plasta kutolewa. Alikuwa amekonda na kunyolewa. Tulisalimiana kwa lugha ya kwetu, kisha tukahamia kwenye Kiswahili, kwa sababu askari alitaka kuelewa.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza.

"Sensa ya joto. Ilikuwa inaiambia kontroboksi kwamba injini ni baridi."

Alifikiri. "Kwa hiyo hakuwa shemeji."

"Hata angekuwa shemeji."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani atakasirika, nikasogea nyuma, na aliona nilivyosogea.

"Yule mtu wa Buhemba," akasema baadaye, "angefika?"

"Sijui. Jiwe lilimwangukia kifuani."

"Lakini gari lingewaka."

"Gari lingewaka."

Alilia hapo. Sikumshika. Kulikuwa na meza kati yetu, ila hata bila meza sidhani kama ningemshika siku ile.

Alipotoka hakurudi kwenye udereva. Gari tulikuwa tumeliwekea sensa mpya, na kwa idhini yake likauzwa kwa mtu wa mbali. Sasa hivi yuko Bunda, anapakia marobota ya pamba, na nimesikia kutoka kwa watu wanaomjua kwamba amepigana mara moja tu tangu afike, na kwamba safari hiyo hakuanza yeye. Siwezi kuthibitisha.

Mwaka huu, Jumapili moja, alikuja Buhare bila kutoa taarifa. Mume wangu alimkaribisha, wakapeana mikono, akamwambia aongee upande wa kulia kwa sababu wa kushoto umekufa. Mimi nilikuwa naandaa ugali na samaki aina ya ningu. Alitaka kunisaidia kubeba sufuria, akaja nyuma yangu, na mwili wangu wote ukakakamaa.

"Usisimame nyuma yangu," nikamwambia. "Kaa pale, nikuone."

Alikwenda akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Tulikula pamoja, akasifu samaki, akamuuliza mume wangu habari za kazi. Alipomaliza alinawa, akaaga, akaondoka mapema ili awahi gari la Bunda, na mimi nilimsindikiza mpaka barabarani, tukitembea sambamba.